Baba Mkwe Kwenye Kiti cha Mbele

Punda wa Milembe aliitwa Diwani, na kwa jina hilo hakuonewa. Alikuwa na sauti kubwa, alipenda isikike kabla watu hawajaamka, na ukimtafuta kwa kazi unamkuta anatazama upande mwingine. Diwani wa kata mwenyewe alishaletewa umbeya huo. Alicheka mpaka akashika mbavu, maana ni mtu wa utani, ila aliomba asije akakutanishwa na mwenzake mbele ya wapiga kura.

Milembe aliolewa katika kijiji kimoja jirani na Lagangabilili akitokea Ipililo, upande wa Maswa. Mabinti wengine huja kwa wakwe na kabati la vyombo. Yeye alikuja na kitanda, sanduku la nguo, na mtoto wa punda mwenye miguu mirefu kuliko akili. Baba yake, mzee Maganga, alikuwa ameiona njia ya kutoka kwa wakwe mpaka kwenye lambo la maji, jinsi ilivyo ndefu na isivyo na kivuli, akasema binti yake hatamaliza nywele za utosini kwa kubeba ndoo wakati baba mtu yuko hai na ana punda. Ndugu wa bwana harusi walicheka sana. Kiangazi kilipofika, wake zao wakaanza kuja kuazima.

Miaka ikaenda, Diwani akawa ndiye miguu ya nyumba ile. Alibeba madumu ya maji, alibeba pamba mpaka kwenye ghala la ushirika, alimbeba mama mkwe kwenda zahanati magoti yalipomkaza. Ngassa, mume wa Milembe, alikuwa Kalemela kwenye shughuli za dagaa. Alirudi mwisho wa mwezi akinuka ziwa zima, akacheza na watoto, akaondoka. Kwa hiyo siku nyingi Milembe alishinda na punda kuliko na mume, na kama ni kusema ukweli, punda ndiye aliyekuwa akimsikiliza vizuri zaidi.

Asiyemtaka Diwani alikuwa mmoja tu, lakini ndiye mwenye mji. Mzee Bundala, baba mkwe, ni mtu wa ng'ombe. Anawajua kwa rangi, kwa pembe na kwa tabia za mama zao, na maksai wake wa kulima husifiwa mpaka Bariadi mjini. Punda kwake hakuwa mfugo, alikuwa kelele yenye masikio. Alimvumilia kwa ajili ya mkewe. Ila msimu uliopita, siku ya kuanza kulima, Diwani alimpiga teke Sultani, maksai kiongozi wa jembe, na Sultani akachechemea wakati mvua ya kwanza imeshanyesha na majirani wote wako shambani. Mzee aliivundika hasira yake polepole mpaka pamba ilipopasuka mashambani, ndipo ikaiva nayo.

Sasa usifikiri alimwendea Milembe akamwambia. Huku mke wa mtoto na baba mkwe hawakai wakapiga soga. Mke wa mtoto humsalimia mkwe kwa kupiga magoti, kwa umbali wa heshima. Hamtaji jina, hapiti mbele yake akiwa amesimama wima, wala hakai mahali palipo juu kuliko alipokaa yeye. Salamu ikiisha, yameisha. Likitokea neno, hupitia kwa mama mkwe, hata kama wote watatu wako kwenye uwanja mmoja na kila mmoja anamsikia mwenzake anavyopumua.

"Mama Ngassa," mzee alisema jioni moja, macho yake kwenye ukuta wa ghala, "mwambie mkwe wako, pamba ikishauzwa, huyo punda anakwenda mnadani."

Milembe alikuwa pale pale, anachambua dengu kwenye ungo.

"Milembe, umesikia?" Benedikta, mama mkwe, aliuliza.

"Nimesikia, mayu," Milembe akajibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Amesikia," Benedikta akamwambia mumewe, kana kwamba habari imeletwa na basi la Mwanza.

Milembe aliendelea kuchambua, lakini mikono yake ilikuwa inatupa dengu nzima na kubakiza mawe. Iliuma, na sioni sababu ya kuficha. Punda yule ndiye kitu pekee katika mji ule alichoweza kukiita changu bila kumtazama mtu usoni kwanza. Akiuzwa, Milembe anarudi kwenye ndoo, na mkono wa baba yake uliomfuata mpaka kwa wakwe unakuwa umekatika.

Lakini palikuwa na Benedikta. Wasichana wengi humwomba Mungu awape mume mwema. Wangemjua Benedikta wangeongeza na mama mkwe. Mnene, mcheshi, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kigango, na jambo likikaa vibaya ndani ya nyumba yake hapati usingizi. Wiki hiyohiyo alipita Method, afisa mifugo wa kata, kijana wa mjini mwenye pikipiki na maneno ya ofisini. Alikuwa akitangaza maonyesho ya wanyama kazi, ya kwanza kufanyika wilayani, kwenye uwanja wa mpira wa Lagangabilili.

"Tuna kategori ya maksai, tuna kategori ya mkokoteni," Method akaeleza, "halafu kuna hii mpya, punda wa kupandwa. Huko tuna mapengo. Watu wanaona aibu."

Aibu ilikuwa na sababu zake. Usukumani punda hupandwa na watoto wanaotoka lamboni. Mtu mzima akionekana juu ya punda, watu huuliza amevunjika mguu gani.

"Andika Milembe," Benedikta akasema.

Milembe nusura aangushe ungo. "Mayu! Mimi?"

"Wewe. Unadhani sijakuona ukitoka lamboni, ukishafika nyuma ya yale majabali ambako unaona hakuna macho? Unakaa juu ya huyo punda kama mtemi!"

Milembe aliinama kwa haya, lakini kicheko kilimponyoka. Ilikuwa kweli tupu. Kwao Ipililo alipanda punda tangu hajajua kufunga kanga, na ukubwani hakuacha. Aliongeza tu kuangalia nyuma.

Jioni Benedikta alimkuta mumewe ameshiba, amenyoosha miguu, saa nzuri ya kuombea jambo.

"Baba Ngassa, huyo punda unasema hafai."

"Hafai."

"Akisimama mbele ya wilaya nzima akafanya kazi aliyopewa?"

"Atapiga watu teke."

"Asipopiga?"

Mzee alijikuna kidevu. Kubishana na Benedikta ni kazi ya kuchosha kuliko kulima. "Amalize zoezi lote," alisema mwishowe. "Asimtupe mtu, asigome njiani, na anayempanda asishuke kabla ya kuambiwa. Akimaliza, abaki. Akishindwa, nisimkute zizini kwangu."

"Na wewe utakuja kuona?"

"Nikamwone mkwe wangu amekaa juu ya mnyama? Mimi nitakwenda kuangalia maksai, nikimaliza narudi zangu."

Kwa hiyo mambo yote yakawa wazi, na maandalizi yakaanza nyuma ya majabali, saa ambazo mzee yuko malishoni. Method aliwaeleza kanuni. Mshiriki anaingia getini, anazunguka uwanja, anapita katikati ya mapipa, anavuka turubai lililotandazwa chini, halafu anakwenda kusimama mbele ya hema la majaji, hapohapo juu ya punda wake, wamkague mpaka filimbi ilie. Mguu ukigusa chini kabla ya filimbi, umetoka.

"Tatizo si kutembea," Method alisema. "Tatizo ni kusimama."

"Kusimama anaweza," Milembe akamhakikishia. "Anaweza mno."

"Nasema kusimama unapotaka wewe."

Hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Milembe alijua punda wake havutwi, huyo hubembelezwa. Alianza kumsimamisha pale ambapo Diwani mwenyewe alikuwa tayari anataka kusimama, anamwambia "simama" sekunde ile ile anayojisimamisha, anamkuna chini ya masikio, anamsifu kana kwamba amefanya la maana. Punda naye ana majivuno yake. Baada ya siku kadhaa akaanza kuamini kwamba kusimama kwa amri lilikuwa wazo lake.

Turubai ndilo lililotaka kuwaaibisha. Waliazima lile la kuanikia pamba, wakalitandaza, Diwani akalinusa, likafanya kelele za nailoni, akageuka kurudi nyumbani na Milembe mgongoni. Siku hiyo alimtupa. Milembe aliangukia makalio kwenye mchanga, akakaa pale miguu mbele, kilemba kimeshuka mpaka puani, na Benedikta badala ya kumwinua akacheka mpaka naye akakaa chini. Walicheka wawili mpaka punda akarudi mwenyewe kuona kulikoni. Kesho yake Milembe alimwaga pumba za mahindi katikati ya turubai, akaenda kukaa kando akishona, kana kwamba hana haja na mtu. Diwani alizunguka, akapiga hesabu zake, akatia kwato moja. Kufika mwisho wa wiki alikuwa akiliona turubai anaharakisha.

Umati wa watu alikuwa Benedikta peke yake. Alipiga sufuria, alifungua mwamvuli ghafla, alipiga vigelegele, aliimba nyimbo za kwaya sauti zote nne kwa zamu. Madumu yalikuwa mapipa. Tandiko walilitengeneza wenyewe, gunia walilolijaza pamba na kulishona kwa uzi wa katani, likafungwa tumboni kwa tyubu ya baiskeli iliyokatwa vizuri. Kofia ngumu ilitolewa na Method, ile ya abiria wa pikipiki. Likabaki suala la suruali. Benedikta alishona gauni pana la kitenge, pana kiasi cha kufunika punda mpaka magotini, na chini yake Milembe angevaa suruali ya mumewe. Ngassa alipopigiwa simu kuombwa ruhusa, alicheka hadi wenzake wa Kalemela wakasikika wakimuuliza ana nini.

"Achukue," alisema. "Ila asichukue ile mpya."

Alichukua ile mpya.

Siku yenyewe waliamka mapema wakamwogesha Diwani kwa sabuni ya unga na brashi ya kufulia. Wakamtoa kupe na miiba ya nyasi, wakampunguza manyoya ya shingoni kwa mkasi, wakamfuta kwato kwa mafuta ya pamba hadi zikang'aa. Hakuwahi kupendeza hivyo tangu azaliwe. Waligeuka kidogo tu kufunga vitu, na yeye akaona jivu la jana pale jikoni nje, akalala, akagaagaa upande huu, akagaagaa upande ule, akanyanyuka amekuwa wa kijivu kama fundi wa saruji. Benedikta alimwita majina ambayo mtu wa kwaya hapaswi kuyajua. Wakaogesha upya.

Uwanja wa Lagangabilili ulikuwa umejaa. Kamba zilizungushwa, muziki ulikuwa juu, mama lishe walikuwa wameshaanza kukaanga, na hema la majaji lilikuwa limewekwa upande wa ofisi mpya za serikali ili lipate kivuli chake. Mashindano ya maksai yalitangulia, kisha mikokoteni. Milembe hakuyaona, alikuwa nje ya geti la nyuma pamoja na Benedikta, anamtembeza Diwani ili asichoke kusubiri. Alisikia makofi tu.

Na kwa kuwa hakuyaona, hakujua kilichotokea humo ndani. Waandaaji walikuwa wamepungukiwa jaji wa maksai. Wakauliza ni nani hapa anajua maksai, na watu wakasema kwa sauti moja mzee Bundala, ambaye alikuwa amesimama kwenye kamba na fimbo yake akikosoa kila jembe lililopita. Wakamchukua kwa heshima zote, wakamkalisha kiti cha mbele kabisa, karibu na diwani wa kata. Alihukumu maksai vizuri, hakuna aliyelalamika. Alipotaka kunyanyuka aende zake kama alivyopanga, wakamzuia. Mzee, kaa, unywe soda kwanza. Mtu mzima hawezi kukataa soda aliyofunguliwa mbele ya viongozi. Akakaa, chupa mkononi, na kipaza sauti kikatangaza punda wa kupandwa.

Katika wiki zote zile za mapipa na turubai, Milembe na Benedikta walikuwa wamefikiria mwamvuli, filimbi, mbwa, watoto, mvua na pikipiki. Kumfikiria mzee juu ya kiti cha mbele hakukuwapitia kichwani, kwa sababu alisema hatakuwepo, na kwao neno la mzee ni neno.

Mshiriki wa kwanza, mwanamume wa makamo, alipelekwa na punda wake moja kwa moja kwenye banda la vitumbua. Wa pili aligomewa kwenye turubai, akabembeleza, akaomba, akatoka amemsukuma punda kwa mgongo. Watu walikuwa na furaha kubwa.

"Mshiriki wa tatu," mtangazaji akasema, akaisogeza karatasi machoni, akasita. "Bibi Milembe, mke wa Ngassa. Na punda wake, anaitwa... anaitwa Diwani."

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. Diwani wa kata alijifunika uso kwa kofia yake, mabega yakimtikisika. Punda, aliyesikia jina lake, akaitikia kwa sauti yote aliyojaliwa, na hapo hata polisi wa mlangoni akacheka.

Milembe aliingia akiwa ameuma meno, mgongo wima, gauni limetanda. Kicheko kilimsaidia kuliko alivyotegemea, maana watu waliokwisha kucheka hawana haja ya kukutafutia kosa. Alizunguka uwanja upande wa mbali, mwendo mzuri, masikio ya Diwani mbele. Alipita mapipa bila kugusa hata moja. Aliliona turubai, na punda akaliona kabla yake, akalivuka kwa haraka akinusa kama kuna aliyesahau pumba. Watu walipiga makofi ya kweli sasa. Milembe alihisi furaha ikimpanda kutoka tumboni mpaka kwenye kofia. Zilibaki hatua za kufika hemani, kusimama, kungoja filimbi, basi.

Akageuza punda kuelekea hemani, akainua macho, akamwona baba mkwe.

Mzee alikuwa amekaa chini kabisa, kwenye kiti kifupi cha plastiki, chupa ya soda imeganda katikati ya njia ya kwenda mdomoni. Naye Milembe alikuwa juu, miguu huku na huku, anakwenda kumsimamia kichwani mbele ya wilaya nzima. Pale kwenye kamba sauti ya Benedikta, iliyokuwa ikipiga vigelegele tangu getini, ilikatika ghafla. Watu wa pale nao si wageni, wanajua mke wa mtoto ni nini na baba mkwe ni nini. Wazee waliokaa nyuma wakaacha kutafuna. Kimya kilianzia hemani kikatembea mpaka kwenye kamba za mbali.

Milembe alimwambia Diwani asimame, na Diwani akasimama, vizuri kuliko siku zote. Method alitoka na karatasi yake kuanza kukagua, hajaelewa kitu, anatazama kwato.

Angeshuka. Alilijua hilo mara moja na hakulipigia hesabu ndefu. Alimpenda punda wake, lakini hakuwa mwanamke wa kukaa juu ya kichwa cha baba mkwe wake akatazamwa na watu, hata kama baba mkwe huyo ndiye aliyetoa masharti. Machozi yalikuwa yameshafika. Alishika tandiko kwa mkono wa kushoto, akaanza kuuvusha mguu wa kulia juu ya mgongo wa punda.

Mzee Bundala aliona mguu ule ukiinuka. Aliweka chupa chini. Akasimama, akakishika kile kiti cha plastiki kwa mgongo wake, akageuka, akapita katikati ya viongozi bila kumwomba mtu radhi, akatoka hemani na kiti chake, akazunguka, akapotea nyuma ya turubai la hema.

Watu walidhani amekasirika. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba mji wa yule binti umeshavunjika. Wazee ndio walioelewa, na wa kwanza alianza kucheka polepole, kwa furaha. Huku vijijini, binti akitoka lamboni na ndoo imejaa kichwani akakutana na baba mkwe njiani, hawezi kupiga magoti bila kumwaga. Basi mkwe muungwana akimwona kwa mbali huacha njia yeye, anaingia shambani, anageuka kutazama mtama wa watu kana kwamba ni wake, mpaka binti apite. Hakuna anayeambiwa asante kwa hilo. Ila kufanya hivyo hemani, mbele ya viongozi na soda haijaisha, hakuna aliyewahi kuona.

Mguu wa Milembe ulikuwa bado hewani. Aliurudisha taratibu mahali pake. Method aliangalia ardhi, akaangalia kiatu, akaandika kitu. Diwani hakutikisika hata sikio. Filimbi ikalia.

Kelele zilizofuata sitazieleza, maana aliyekuwepo anazijua na asiyekuwepo atasema natia chumvi. Benedikta aliruka kamba, magoti yake yamepona kabisa. Milembe alipewa nafasi ya pili, baada ya jamaa mmoja aliyekuja baadaye na punda mweupe wa kupendeza, na hakujali hata kidogo. Alimkabidhi mama mkwe hatamu, akavua ile kofia, akafunga kilemba vizuri, akazunguka nyuma ya hema.

Mzee alikuwa amekaa peke yake, uso kwenye ukuta wa ofisi mpya ambao bado haujapakwa rangi, fimbo katikati ya magoti. Milembe alipiga magoti kwenye nyasi, kwa umbali wa heshima.

"Mwadila, bhabha."

"Mwadila, ng'wanawane," mzee akaitikia, akimwita mwanangu.

Salamu ilikuwa imeisha, na kwa kawaida yalikuwa yameisha. Milembe alianza kunyanyuka.

"Amemaliza?" mzee aliuliza.

Milembe aligeuka kumtafuta Benedikta apokee swali. Hakukuwa na mtu. Walikuwa wawili tu na ukuta.

"Amemaliza, bhabha."

"Turubai?"

"Amelivuka."

"Hajapiga mtu teke?"

"Hajapiga."

Mzee alikohoa, akaisogeza fimbo yake. "Basi abaki. Lakini usimfunge karibu na Sultani."

"Ndiyo, bhabha. Wabeja," Milembe akashukuru.

Alingoja aruhusiwe kuondoka. Mzee alijikuna kidevu, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba jambo ambalo hana mazoea ya kuliomba.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Nimesikia makofi, na sauti ya mama yako juu ya watu wote. Kaa hapo unieleze. Anzia getini."

Milembe alikaa chini kwenye nyasi, akavuta kitenge kikafunika ile suruali, akafuta macho kwa upindo wa gauni. Halafu akaanzia getini.